Radi ya Mkuu Pyo

Kahawa iliwekwa mezani kwake kabla mechi haijaanza, na hilo ndilo lililomchoma Pyo Gi-hwan. Sheria ya ofisi ilikuwa moja: anayeshindwa ndiye anayenunua. Lakini kikombe kilikuwa pale tayari, barafu ikigongana ndani.

"Naokoa muda tu, Mkuu," alisema Maeng, kijana aliyekuwa na zamu ya kucheza na Pyo siku hiyo. "Nitapigwa tu, sasa foleni nikaipange saa ngapi?"

Chumba kizima kikacheka. Pyo akacheka nao huku masikio yakimwaka moto.

Alikuwa na miaka arobaini na saba, mkuu wa kikundi kilichotengeneza mchezo wa vita wa kompyuta kwenye ghorofa ya tisa, huko Pangyo, Korea Kusini. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna silaha inayoonea nyingine. Kila mchana baada ya kula alicheza mechi moja ya majaribio na mmoja wa vijana wake, wengine wakisimama nyuma kutazama. Vidole vyake vilikuwa vizito mno. Nyumbani, binti yake wa darasa la tano alimshinda mchezo huo huo huku anakula. Hapa ofisini alikuwa ameshinda mechi thelathini na nane mfululizo.

Mtu mwenye vidole vile hashindi namna ile hivi hivi tu. Sababu aliijua, na ilimtia aibu. Sababu ilikuwa Radi.

Radi ilikuwa kombora kubwa kuliko yote mchezoni. Ilijengwa kwa dakika kumi, king'ora kikawalilia wachezaji wote, kisha ikaangukia kambi ya adui. Pyo alijifungia ndani ya kuta zake, akaijenga, akaifyatua, na mpinzani akaandika GG, herufi mbili za kusalimu amri. Basi akaipunguza nguvu. Akashinda. Akaipunguza tena. Akashinda tena. Wachezaji wa nje waliandika kwa hasira kwamba Radi imegeuzwa fataki ya watoto, lakini wachezaji lini waliacha kulalamika?

Aliyeibuni ni Bang Seol-ah, mwanamke kijana wa maneno machache. Ni yeye peke yake aliyewahi kumshinda Pyo pale ofisini, mara mbili, wiki ya kwanza ya mechi hizo. Pyo alijipoza kwamba mbuni lazima azijue hila za silaha yake. Mwezi uliopita, kikundi kizima kikiwa mezani kinakula mchuzi wa kimchi, ile kabichi chachu yenye pilipili, Seol-ah aliweka kijiko chini.

"Samahani, Mkuu. Radi tusiipime kwa mechi za hapa ofisini. Hazipimi kitu."

Watu wakaacha kutafuna. Kila mmoja alitazama bakuli lake.

"Hazipimi kitu kwa sababu nacheza mimi?" Pyo aliuliza.

Seol-ah naye akainamia bakuli lake.

Tusi lile lilimkaa Pyo kooni kama mwiba wa samaki. Wiki hiyo hiyo akamhamishia dawati la malalamiko, ghorofa ya pili. Kisha akaandika ripoti: silaha hii haisawazishiki, na mbuni wake hasikii la mtu, wote wawili waondolewe. Leo saa tisa alasiri mkurugenzi angetia saini.

Tangu aiandike, Pyo hakuwa na raha. Asubuhi hii alikutana na Seol-ah kwenye lifti. Seol-ah aliinama vizuri, akasema, "Habari za asubuhi, Mkuu," bila kinyongo hata chembe, na Pyo akajikuta anasoma kibao cha uzito wa mizigo mpaka mlango ulipofunguka. Alijiona mdogo, kama mwizi aliyekaribishwa chai. Akapanda juu, ofisi ikiwa bado tupu, akafungua jedwali la silaha, akabadilisha namba moja tu kwenye mstari wa Radi. Hakumwambia mtu.

Leo alitaka kushindwa. Akishindwa mbele ya wote, itakuwa wazi kwamba ushindi wote ule ulikuwa wa Radi, wala si wake. Atafedheheka, sawa, lakini ripoti yake itakuwa ya haki.

"Usinionee huruma leo," alimwambia Maeng akivuta kiti.

"Huruma? Mkuu, wa kuonewa huruma ni mimi!"

Wakaanza. Maeng aliunda vifaru vingi mno, kisha akavizungusha kando ya mto kama dereva anayetafuta maegesho. Pyo alijenga kuta, akasubiri. Dakika ya kumi na mbili king'ora kikalia. Waliosimama nyuma wakasogea karibu. Pyo akabonyeza, na skrini zote mbili zikawa nyeupe.

"Mama yangu!" Maeng alishika kichwa kwa mikono miwili, kisha mikono ile ile ikarukia kibodi. GG. "Umenifagia, Mkuu! Sijabakiwa hata na choo!"

Wakapiga makofi. Mmoja akasema thelathini na tisa, mwingine akamsogezea Pyo kahawa, akamchomekea na mrija.

Pyo hakuigusa. Alikuwa akitazama moshi ukitawanyika polepole kwenye skrini. Chini yake kambi ya Maeng ilikuwa imesimama yote, kila mnara, kila kifaru, taa zikiwaka madirishani.

Nguvu ya Radi, aliyoiandika asubuhi kwa mkono wake mwenyewe, ilikuwa sifuri.