Vitanda vya Waziri

Msafara wa waziri ulipoondoka tu, lori lilirudi nyuma hadi mlango wa wodi ya wazazi. Wanaume wakaingia na kuanza kubeba vitanda vipya vilivyoletwa asubuhi.

"Mnavipeleka wapi?" aliuliza Daktari Mawuli Agbeko, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiwazalisha wanawake wa mji ule sakafuni.

"Mji wa jirani, daktari. Kesho waziri anafungua wodi huko," alijibu msimamizi wao. "Wainue wagonjwa wako."

Dela, aliyejifungua alfajiri ile, alijikokota kuinuka huku mtoto angali ananyonya. "Acha nishuke tu, daktari. Sitaki ugomvi."

"Lala, mama."

Daktari aliketi ukingoni mwa kitanda cha Dela, akakamata chuma cha kitanda kwa mikono miwili. "Sasa hivi tu waziri alipigwa picha akimpa huyu pole, hapa hapa kitandani. Akiwa sakafuni, nani atakuja kupigwa picha naye?"

"Hiyo ni siasa, daktari. Wewe kazi yako ni kutibu."

"Basi kuanzia leo siasa nayo ni kazi yangu."

Msimamizi akacheka, kisha akageuka kutazama nje. Wanawake waliowaletea wagonjwa uji walikuwa wamekwisha kupanda lori, wamekaa juu ya vitanda vilivyopakiwa ili visiondoke. Daktari alipofika mlangoni, mmoja wao aliinama, akamnyooshea mkono apande.