Pini Iliyobaki

Pini moja ilikuwa imebaki juu ya kitambaa.

Fundi Tumaini aliitazama, akaiokota. Asubuhi ile alikuwa amenunua pini mpya za kutosha kazi za siku, akazihesabu mara mbili dukani, zisizidi wala zisipungue. Pini yenyewe ni kijichuma cha kukunjwa ncha, chembamba kuliko msumari, lakini kikikosekana, kile kinachoshikwa nacho, kiwe breki au gurudumu, hulegea kidogo kidogo kwa mtikisiko mpaka kikachomoka. Na nusu saa iliyopita alikuwa ametoka kufunga breki za gari la Mzee Sebastian.

Gari! Watoto wa mji ule mdogo wa Mpemba walikwisha kulibatiza Gesti. Lilikuwa refu kama basi la mkoani, na ndani mna kitanda, jiko la gesi, friji, bafu, hata zulia ambalo Tumaini alilivulia viatu. Mzee Sebastian alikuwa amefanya kazi migodini Zambia miaka thelathini. Alipostaafu alilinunua, kuukuu lakini linang'aa, ili mkewe Imelda, ambaye mgongo wake haukuvumilia tena viti vya basi, asafiri amelala. Leo walikuwa njiani kwenda Ileje, kwa mama yake Imelda. Na njia ya Ileje ina miteremko. Gari la tani kumi na tano halisimamishwi kwa maombi.

"Edson! Washa pikipiki!"

Edson, mdogo wake, hakuuliza. Alikuwapo gereji tangu alfajiri, Tumaini akibadilisha beringi za gurudumu la nyuma la pikipiki yake, na sasa alikuwa ameilalia tangi akingoja abiria.

Walitoka Mpemba wakiruka. Tumaini, kwenye kiti cha nyuma, alipiga simu kwa simu ya Edson, maana yake haikuwa na salio. Mzee alikuwa na laini ya Zambia. Haipatikani. Akapiga tena na tena, kisha akaitia simu mfukoni na kushika kiti kwa mikono miwili.

"Mbona inayumba hivi?"

"Upepo, kaka. Halafu na wewe umezidisha ugali."

Hakucheka. Alikuwa anamwona mke wa mzee, Mama Imelda, amelala kitandani mle, sahani zikigongana kabatini, mumewe akikanyaga breki mara ya kwanza, mara ya pili.

Waliliona Gesti likipanda mlima polepole, mgongo wake mweupe umejaa barabara. Edson alipiga honi. Tumaini akapunga mikono yote miwili.

"Mzee! Breki! Simama! Breki zako!"

Gari likaongeza mwendo.

Tumaini alijilaani. Nani aliyemfundisha mzee kama si yeye? Jana tu, amekaa kwenye zulia lile na kikombe cha chai mkononi, alimwambia: "Mzee, huku mpakani mtu wa pikipiki akikupigia kelele kwamba gari lako lina hitilafu, usisimame. Ndivyo wanavyoiba. Hata akikuita kwa jina lako." Mzee Sebastian aliyaandika yote kwenye daftari.

Kilometa mbili mbele ulianza mteremko mrefu kuliko yote.

"Mpite," alisema. "Tufike kileleni kabla yake."

Pale kileleni aliruka chini pikipiki haijasimama vizuri. Akavunja matawi kichakani, mabichi, yenye majani mengi, akayatandaza barabarani, moja hapa, jingine hatua kumi mbele, jingine tena. Ndivyo afanyavyo dereva yeyote wa njia hizi gari likimfia, ili wanaokuja nyuma wapunguze mwendo. Hilo nalo alikuwa amemfundisha mzee jana. Mungu wangu, aliomba, awe ameliandika na hili.

Gesti lilichomoza. Likafika tawi la kwanza, likapunguza. Tawi la pili. Kwenye la tatu likasimama, likihema upepo wa breki zake. Dirisha lilishuka upana wa kidole.

"Ni mimi, mzee! Fundi Tumaini!" Alivua kofia ngumu ili aonekane.

"Ni yeye, Baba Gloria," sauti ya Mama Imelda ilimwambia mumewe mle ndani. "Mfungulie."

Tumaini aliweka mawe kwenye matairi, akajitumbukiza chini ya gari. Alikuwa bado anapapasa gurudumu la kwanza aliposikia pikipiki ikiwashwa.

"Kaka! Nimeshafika huku, nisipomwona Brenda nitaulizwa! Nashuka kwao Itumba mara moja!"

Brenda alikuwa mchumba wake. Harusi ilikuwa Desemba.

"Nenda! Usikimbize!"

Mbele kulia, pini ipo. Mbele kushoto, ipo. Akatambaa hadi nyuma, jasho likimwingia machoni. Kulia, ipo. Kushoto, nayo ipo, ncha zimekunjwa kwa koleo lake mwenyewe, safi kabisa. Alilala chali kwenye lami yenye joto, akacheka peke yake kwa furaha na aibu.

Alipotoka, Mama Imelda alikuwa ameshuka na fimbo yake. Tumaini alimfungulia kiganja, akamwonyesha kile kilichomkimbiza njia nzima.

"Nisameheni, wazazi wangu. Ziko zote. Nimewatisha bure."

Mama Imelda aliichukua pini, akaigeuza juani.

"Si kitu, mwanangu. Ila kama si yetu, basi ni ya nani? Leo umefunga gari gani jingine?"

"Hakuna, mama. Gari lilikuwa lenu tu."

Kisha akakumbuka gurudumu la pikipiki. Aligeuka kuutazama mteremko, ambako mlio wa pikipiki ulikuwa unafifia, na mkono wake ukakuta simu ya Edson bado imo mfukoni.