Kipima cha Bei Nafuu

Sheria ilitaka kila nyumba iwe na kipima mionzi, na kila familia ifuate kipima chake yenyewe. Namsifu alikwenda dukani kutafuta anachokimudu.

"Hiki ni bei nafuu, dada," muuzaji alisema. "Ila hakilii mpaka serikali itangaze hatari."

"Sasa kazi yake nini? Redio si ninayo?"

Alikinunua kwa hasira, maana bila kipima wanawe wasingepokelewa shuleni.

Jumamosi mchana kipima ghali cha jirani yake, Bwana Kihwelo, kilianza kulia. Chake Namsifu kilionyesha taa ya kijani. Alikimbilia dirisha la jirani.

"Kuna nini, Kihwelo?"

"Chako kinasemaje?"

"Kinasema salama!"

"Basi kwako ni salama, Mama Neema. Usinitie matatani." Akafunga dirisha.

"Hewa tunavuta moja!" Namsifu alifoka.

Aliwaingiza wanawe ndani, akaziba mlango kwa khanga zilizoloweshwa. Kisha, kupitia dirishani, akawapigia kelele watoto waliokuwa wakicheza mpira uwanjani waingie ndani. Mama zao walichungulia taa zao za kijani.

"Waache wacheze, shoga," mmoja alimjibu. "Mbona kwetu shwari?"