Chaki Kwenye Mashine za Kukodi

Mgeni mwenye mtaji alikuwa njiani, na Kitwana, mwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli, alitaka hesabu zirudi zilivyokuwa kabla ya kanuni mpya ya uhasibu kuhusu vitu vya kukodi.

"Kodi ya mashine tunalipa kila mwezi," alimwambia Zamda, mhasibu wake. "Iandike matumizi ya mwezi, yaishe. Kwa nini kodi ya miaka ijayo uifanye deni leo?"

"Bosi, tukifunga kesho, tutaacha kuilipa?"

"Mkataba hauruhusu."

"Basi ni deni. Na haki ya kuzitumia mashine hizo nimeiandika upande wa mali. Sijakuonea."

"Mgeni akiuona mzigo huo atageuza gari!"

"Basi na tuone kwanza kilicho chetu," alisema Zamda.

Alichukua chaki, akashuka kiwandani na kuchora mstari mweupe kwenye kila mashine ya kukodi. Mafundi waliacha kukunja mashuka, wakamtazama. Hakuruka hata moja. Alipomaliza, kilichobaki bila chaki ni pasi ya mkaa ya marehemu mama yake Kitwana, juu ya rafu.

Kitwana aliitazama pasi, kisha akamtazama mwanamke huyu ambaye angeweza kunyamaza akalinda kazi yake. Akanyoosha mkono.

"Nipe chaki. Umesahau jengo, nalo ni la kukodi."

Akatoka nje, akachora mstari mnene mlangoni.

Honi ililia getini. Mgeni alishuka, akausukuma mlango kwa kiganja, akaingia akiutazama weupe uliobaki mkononi mwake.