Mama Mkwe Akalia Bomba

Tapfuma alining'inia kwenye bomba refu, mpini wa mtambo wa kubandulia tairi kwenye ringi, miguu yote hewani, na tairi halikushtuka. Ulimi wa chuma uliubonyeza mpira kidogo, kando ya ringi, ukagoma hapo hapo.

Kule zahanati, mkewe na mtoto wao wa kwanza, wa siku mbili, walikuwa wanangoja gari la tairi hili liwarudishe nyumbani.

"Huna uzito, mkwe," mama mkwe alisema kutoka mkekani.

Tapfuma akapiga makofi ya heshima, macho chini. "Ndiyo, mama."

Uzito aliujua ulipo. Ulikuwa umeujaza ule mkeka wote. Lakini mkwe gani amwambie mama mkwe wake aje akalie chuma? Miaka mitatu tangu aoe, kwa adabu ya ukwe, hajawahi hata kumpa mkono.

"Kwa hiyo mjukuu wangu aje kwa miguu?" Mama akasimama, akakaza kitambaa kiunoni. "Toka hapo. Tazama kule."

Tapfuma akageukia zizi la mbuzi. Akasikia bomba likilia, kisha paa! Kikafuata kishindo kizito zaidi.

Alipogeuka, mdomo wa tairi ulikuwa umeachana na ringi, na mama yuko chini, vumbi hadi kwenye nyusi. Tapfuma akajikuta amenyoosha mkono.

Mama akautazama. Akaushika, akainuka, akacheka mpaka mbuzi wakatawanyika.

"Sasa unangoja nini, mwanangu? Geuza tairi, bado upande wa pili."