Blanketi Linaloimba

Dada yangu Salha anashona nguo za watoto mtaa wa Ngamiani. Alipotaka kupanua duka, tulisajili wimbo aliotunga wa kumbembelezea bintiye, ili mablanketi yake yauimbe. Sheria ni moja kwa watunzi wote: kazi ikishakuwa bidhaa, hufutwa kichwani mwa aliyeitunga isirudi tena, asije akaiuza kwingine.

"Wimbo tu, dada," nilimwambia nikimjazia fomu. "Utatunga mwingine."

Niliamini hivyo kwa moyo wote. Nikaandika maneno yote ya wimbo bila kuruka hata moja. Jina la mtoto lilikuwamo mara tatu.

Mablanketi yalipendwa mpaka Moshi. Salha akaajiri washonaji wawili.

Siku moja bintiye, wa miaka sita, akasimama mbele ya cherehani. "Mama, niite."

"Njoo, mwanangu."

"Siyo hivyo! Niite jina, kama zamani."

Salha akanigeukia. "Anaitwa nani?"

"Raya," nikasema.

"Ra..." Akaacha kushona. "Umelisema sasa hivi, mbona silipati tena?"

Raya akacheka, akidhani ni mchezo. Akalitamka polepole, kama mwalimu anavyowafundisha shuleni. Mama akajaribu, likampotea. Mara ya tano mtoto hakucheka.

"Limo kwenye wimbo," nikamwambia Salha. Sikuweza kumtazama.

Raya akafikiri, akaweka mkono kwenye goti la mama yake.

"Basi nipe jingine, mama," akasema. "Lakini hilo usiliimbe."