Mrehani wa Uani

Rukia alikuwa ameshamenya nyanya, na vitunguu vimeanza kugeuka rangi chunguni, alipotoka kwenda uani kuchuma mrehani akakuta saruji mbichi, ukuta hadi ukuta.

"Mahfudh! Mrehani wa mama uko wapi?"

Mdogo wake alikuwa anaosha mwiko wa fundi, ameridhika na kazi yake. "Nimeung'oa asubuhi, dada. Kesho arobaini ya mama, watu wasije wakakanyaga tope."

"Umeung'oa, halafu ukaniita nikupikie supu ya mama."

"Majani tu hayo. Sokoni yamejaa tele."

"Na mama naye yuko sokoni?"

Mahfudh akarudia kuosha mwiko. Mama yao hakuwahi kununua mrehani. Alichuma mwenyewe, akayachana majani kwa vidole, maana kisu alikikataza, akayatia kwenye supu ikishaepuliwa.

Rukia akafukua jalala nyuma ya jiko. Mti aliukuta mizizi juu, umenyauka, ila kitawi kimoja bado kibichi. Akakivunja.

"Si hicho? Kinatosha supu," Mahfudh akasema.

Hapo ndipo hasira ilipompanda Rukia. Akavua ndara, akaingia katikati ya saruji ile, akapekecha kwa mkono mpaka akagusa udongo, akakichomeka kitawi.

"Dada! Unaniharibia sakafu!"

"Kanywe supu yako."

Vitunguu vikaanza kunukia kuungua, na hakuna aliyekwenda kuepua. Kitawi kilikuwa kimeinama upande mmoja, na nyayo za Rukia zinajaa maji taratibu.